Padri wa Katanga, Mzee wa Ukerewe

Mwaka 1945, vita kuu ikielekea ukingoni, watu wawili wasiojuana walikamilisha kazi zao za kuandika. Mmoja alikuwa Katanga, kusini ya Kongo ya Wabelgiji. Huyo ni Placide Tempels, padri wa shirika la Wafransisko, aliyezaliwa Berlaar, Ubelgiji, mwaka 1906 na kufika Kongo mwaka 1933. Wa pili alikuwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Tanganyika. Yeye ni Aniceti Kitereza, Mkerewe aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomea seminari ya Rubya, Bukoba. Tempels aliandika kitabu chembamba juu ya namna Wabantu wanavyofikiri. Kitereza aliandika riwaya ndefu mno juu ya mume na mke wasiojaliwa mtoto, akaiandika kwa Kikerewe, lugha ya nyumbani kwake.

Kitabu cha padri kilitafsiriwa kwa Kifaransa na kupigwa chapa mwaka uleule mjini Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Baada ya miaka minne kilikuwa kinauzwa Paris. Riwaya ya Kitereza ilikaa sandukuni miaka 35.

Tofauti hiyo ya bahati haikutokana na ubora wa kazi. Ilitokana na swali ambalo ulimwengu ulikuwa tayari kuuliza wakati ule. Swali la kama Mwafrika ana falsafa lilikuwa motomoto, na majibu yake ndiyo yaliyoelekeza, kwa miongo mitatu hivi, namna vinyago, ngoma na mashairi ya Waafrika yalivyosomwa katika vyuo vya dunia.

Tempels alianza na tatizo la kazi yake mwenyewe. Alibatiza watu, akawafundisha katekisimu, lakini yakija magonjwa na misiba aliwaona waumini wale wale wakirudia mambo ya mababu. Wamisionari wenzake walisema huo ni ushirikina tu. Yeye akasema hapana, watu hawawezi kushikilia jambo kiasi hicho kama halina mantiki ndani yake. Akiwa miongoni mwa Waluba, aliitafuta mantiki hiyo katika majina, salamu, laana, matambiko na kesi za wazee. Alichokuta, kwa maelezo yake, ni kwamba Mzungu akiulizwa kitu ni nini hutaja umbo lake na sifa zake, lakini Mbantu huona nguvu. Kuwapo ni kuwa na nguvu ya uhai. Nguvu hiyo huongezeka na kupungua, hutoka kwa Mungu ikapita kwa wahenga, ikafika kwa walio hai, ikashuka hadi kwa wanyama, mimea na mawe. Mtu akimtukana mkubwa wake anampunguzia uhai, na akimheshimu anamwongezea.

Kwa kasisi wa kikoloni kuandika kwamba watu aliotumwa kuwafundisha walikuwa tayari na falsafa kamili lilikuwa jambo zito. Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Katanga alimpinga vikali. Tempels alikwenda Ubelgiji mwaka 1946 na hakuruhusiwa kurudi Kongo mpaka 1949. Wakati huo huo, vijana Waafrika waliokuwa Paris walikisoma kitabu chake kama ushahidi waliokuwa wakiungojea. Shirika jipya la uchapishaji la Présence Africaine, chini ya Alioune Diop wa Senegal, lilikitoa upya mwaka 1949, naye Diop akakiandikia dibaji ya kukisifu.

Si wote waliopiga makofi. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alikishambulia mwaka 1950 katika insha yake juu ya ukoloni. Hoja yake ilikuwa ya kejeli na ilichoma: ni rahisi sana kuiheshimu falsafa ya Mbantu, maana heshima hiyo haigharimu mshahara, wala nyumba, wala shimo la mgodi. Ili kuielewa hasira ya Césaire lazima ukumbuke Katanga ya miaka ile ilikuwaje. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mishahara. Walikusanyika katika uwanja wa mpira Élisabethville, na askari wakawafyatulia risasi. Makumi walikufa, kiongozi wao Léonard Mpoyi akiwa miongoni mwao. Kitabu kilichosema kwamba Mbantu anatafuta kwanza nguvu ya uhai kiliandikwa katika jimbo hilohilo, miaka michache tu baadaye. Uwanja ule haumo ndani yake.

Hata hivyo Tempels hakuandika karibu lolote juu ya sanaa. Walioandika juu yake ni warithi wake, na wa kwanza kati yao alistahili kazi hiyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Alexis Kagame alizaliwa Rwanda mwaka 1912 na kupewa upadri mwaka 1941. Kabla na baada ya hapo alikuwa mtu wa karibu na ikulu ya Mwami Mutara Rudahigwa, na kazi yake kubwa ilikuwa kuyakusanya mashairi ya ikulu, yale yaitwayo ibisigo, kutoka vinywani mwa washairi waliokuwa wakiyarithi na kuyahifadhi kichwani. Mapokeo ya Rwanda yanasema utanzu huo ulianzishwa na malkia mama Nyirarumaga. Kagame aliwajua washairi kwa majina yao, koo zao na wafalme waliowatungia. Mwenyewe alikuwa mtunzi. Mwaka 1949 alitoa utenzi wa kuchekesha wa kumsifu nguruwe, akimwita kikolezo cha viazi, kwa ufundi uleule wa kumsifu ng'ombe wa mfalme. Anayedhani padri na mwanafalsafa lazima awe mtu mkavu na autafute utenzi huo.

Mwaka 1952 alipelekwa Roma. Huko, katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, aliandika tasnifu iliyotolewa kuwa kitabu Brussels mwaka 1956, juu ya falsafa ya Wabantu wa Rwanda kuhusu kuwapo. Aliiandika kama mazungumzo ya watu wawili, Kama na Gama, mmoja akiuliza na mwingine akijibu. Alimheshimu Tempels lakini aliona ameipita lugha juujuu. Kama kuna falsafa, alisema, itakuwa imefichwa katika sarufi, maana sarufi haidanganyi na haiwezi kutungwa na mgeni. Akalichukua shina la -ntu lililomo katika lugha za Kibantu, akakuta matabaka manne: umuntu, kiumbe chenye akili, ikintu, kitu kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna, yaani jinsi jambo lilivyo. Aristotle alikuwa na makundi kumi ya vitu vyote vilivyopo. Kagame aliyaingiza yote kumi katika haya manne, na chumba kikabaki.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa ufundi huu kwa urefu, kwani anaziishi ngeli hizi kila asemapo mtu, kitu na pahali. Pengine ndiyo sababu kitabu hicho huwashtua wengi wetu: kinamwambia mtu kwamba kila siku anasema falsafa bila kujijua. Mimi naona hapo ndipo penye uzuri wake na ndipo penye kosa lake pia. Kanuni za ngeli ni za kila mtu, hazina mwenyewe. Kagame, mtu aliyejua nani alitunga shairi lipi na kwa mfalme gani, alipoingia katika falsafa aliwaacha washairi wake mlangoni na kuketi na sarufi. Kama na Gama wana majina, lakini ni majina ya kubuni. Washairi wa kweli, ambao walikuwa wamefikiri kwa vichwa vyao juu ya kifo, enzi na usaliti, waligeuka kuwa mfano wa fikra ya Wabantu wote.

Hatua iliyofuata ilifanyika Ujerumani. Janheinz Jahn, mhakiki kutoka Frankfurt, alikuwa amekutana na mshairi wa Senegal, Léopold Sédar Senghor, mwaka 1951 na tangu siku hiyo akaacha mengine yote, akawa mkusanyaji na mfasiri wa fasihi ya Waafrika. Mwaka 1958 alitoa kitabu alichokiita Muntu. Alichukua matabaka manne ya Kagame, akayatoa Rwanda, akayafanya ufunguo wa utamaduni wa Waafrika wote, wa barani na wa ng'ambo, pamoja na vodou ya Haiti na rumba ya Kuba. Kwa Wadogon wa Mali alichukua dhana ya Nommo, neno lenye nguvu ya kuumba, iliyojulikana Ulaya kupitia mazungumzo ya mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Griaule na mzee Ogotemmêli yaliyotolewa mwaka 1948.

Hapo falsafa ilipewa kazi mahususi katika kusoma sanaa, na ni haki kusema kazi hiyo haikuwa bure. Kabla ya hapo, makumbusho mengi ya Ulaya yalikiweka kinyago cha Kiafrika katika kabati moja na mikuki na mitego ya samaki, na kibandiko kilichotaja kabila tu. Jahn alisema kipande cha mti kilichochongwa ni kintu tu, hakina maana ya kudumu peke yake; ni neno la yule anayekitaja na kukipa jina ndilo linalokifanya kuwa fulani au fulani. Uzuri wa kazi, kwa hiyo, hauko katika umbo linaloangaliwa kwa mbali. Aliuweka katika tabaka la kuntu, la namna: jinsi kazi inavyotenda, inavyochezwa, inavyotumika. Mtu aliyewahi kuona kinyago kikicheza, kisha akakiona kikining'inia ukutani hotelini, anaelewa mara moja Jahn alikuwa anasema nini.

Lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Mrwanda, Mdogon, Myoruba na Mhaiti walikaa katika sura moja wakikubaliana juu ya kila jambo. Hakuna aliyekosana na mwenzake, hakuna mchongaji aliyekuwa na mawazo ya peke yake, hakuna mshairi aliyedhani mababu walikosea. Kwa hesabu hiyo, Mwafrika yeyote akichonga alikuwa anachonga ile falsafa, na kazi ya mhakiki ilikuwa kuitambua tu. Katika vyuo vikuu vilivyokuwa vinafunguliwa miaka ya sitini kitabu hiki kilisomwa sana kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi walijifunza kutafuta nguvu ya uhai katika riwaya kabla hawajajifunza kuisoma riwaya yenyewe.

Upinzani ulitoka kwa Waafrika wenyewe. Okot p'Bitek wa Uganda, ambaye alikuwa mshairi na mwanaanthropolojia kwa pamoja, alimkosoa Tempels kwa kuzungumza juu ya Wabantu wote kutokana na watu wachache. Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni aliandika mwaka 1968 kwamba huyo Mbantu wa vitabuni ni tatizo lenyewe. Kisha akaja Paulin Hountondji wa Benin, ambaye kabla ya kurudi kwao alifundisha Kinshasa na Lubumbashi. Katika kitabu chake cha mwaka 1976 aliiita aina hii ya uandishi ethnofalsafa, na jina hilo halikukusudiwa kuwa sifa. Falsafa ya Kiafrika, alisema, ni maandiko ya Waafrika wanaofikiri na kubishana kwa majina yao. Si imani ya kijiji kizima iliyokusanywa na mgeni. Tempels hakugundua falsafa ya Wabantu, aliandika falsafa ya Tempels.

Hoja hiyo ilisafisha uwanja, lakini iliacha shimo. Kama falsafa ni maandiko tu, basi mtunzi wa utenzi asiyejua kuandika, mchongaji na mpiga zeze wote wamebaki nje. Nchini Kenya, Henry Odera Oruka alijaribu kuliziba shimo hilo tangu miaka ya sabini kwa kuwatafuta wazee wenye hekima, kuwahoji na kuchapisha majibu yao kwa majina yao, akiwamo Paul Mbuya Akoko. Baadaye Kai Kresse, Mjerumani aliyekaa Mombasa, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 2007 ambamo mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo anajadiliwa kama mtu anayefikiri juu ya utu, kwa jina lake na kwa utenzi wake alioutunga juu ya jambo hilo hilo.

Jaribio lililonivutia zaidi lilifanyika Katanga kwenyewe, na kwa Kiswahili.

Tempels aliporudi Kongo mwaka 1949 hakuwa mtu yule yule. Alipelekwa Kolwezi, mji wa shaba, kwa wachimbaji na wake zao waliokaa katika nyumba za kampuni. Hapo hakutafuta tena mfumo wa fikra za watu. Alikaa nao, akawasikiliza, akawaambia na yake. Kutoka katika vikao hivyo ilizaliwa harakati ya Jamaa, ya wanandoa Wakatoliki walioitana baba na mama na kufundishana kwa Kiswahili cha Katanga. Mafundisho yao yalisimama juu ya mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Ile nguvu ya uhai ya kitabuni ilikuwa imerudi kwa wenyewe, wakaifanyia kazi kwa maneno yao, na kwa mambo yaliyowauma: mtu aliyetoka kijijini na kuingia mgodini anabaki vipi kuwa mtu, na ndoa yake inabaki vipi kuwa ndoa. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 akafariki Ubelgiji mwaka 1977. Jamaa iliendelea bila yeye.

Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani, alifika Katanga katikati ya miaka ya sitini kuichunguza Jamaa, na kitabu chake juu yake kikatoka mwaka 1971. Alirudi kufundisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wakati huo jicho lake likavutwa na kitu kilichoning'inia katika sebule za wafanyakazi wengi: picha za kuchora. Hazikuwa za makumbusho. Wachoraji wake walikuwa vijana wasio na shule ya sanaa waliozitembeza mitaani. Mada zilijirudia, kila mchoraji kwa mkono wake: askari akimchapa mfungwa viboko wakati wa Wabelgiji, mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, kijiji cha zamani kabla ya yote.

Mhakiki wa shule ya Jahn angeuliza picha hizi zinaonyesha nguvu gani ya Kibantu. Fabian aliuliza wenye picha. Wakamjibu kwamba ni ukumbusho. Katika mazungumzo yao neno hilo lilikuwa na uzito wa kipimo. Picha inatundikwa sebuleni ili mgeni akiingia aiangalie, aulize, na mwenye nyumba aanze kusimulia yaliyompata baba yake chini ya kiboko. Picha isiyozaa maneno ni pambo tu. Hiyo ni falsafa ya sanaa kamili, yenye jibu la swali ambalo wanafalsafa wa Ulaya wamelihangaikia tangu Plato, kwamba picha ni ya nini, nayo ilisemwa na watu waliokuwa wananunua picha kwa mshahara wa mgodini.

Mmoja wa wachoraji hao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alimwambia Fabian kwamba anaweza kuichora historia yote ya nchi. Alifanya hivyo kwa picha 101, akichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na kwa kila picha akasimulia kwa Kiswahili huku kinasa sauti kikizunguka. Alisaini Tshibumba K.M. na kujihesabu kuwa mwanahistoria. Katika picha hizo umo ule mgomo wa Union Minière na waliouawa, jambo ambalo kitabu cha padri hakikuliona.

Picha inayojulikana kuliko zote ni ya kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili mitatu imelala chini. Nyuma yao, kwa mbali, imesimama misalaba mitatu. Kutoka ubavuni mwa Lumumba damu inatiririka ardhini na kuandika neno la Kifaransa la umoja. Mtu anaweza kusema huu ni Ukristo, au ni siasa, au ni imani ya mababu juu ya damu, na kila mmoja atakuwa amekamata kipande. Lakini Tshibumba alikuwapo akieleza, akibishana, na pengine akimkatalia Fabian tafsiri zake. Hakuwa mfano wa kitu chochote. Alikuwa mtu mmoja mwenye hoja moja, kwamba yaliyotokea Kongo ni mateso yenye maana na kwamba maana hiyo haijaandikwa bado na waliosoma. Mapema miaka ya themanini habari zake zilikatika, na hakuna aliyejua kwa hakika kilichompata. Kitabu cha picha zake na maneno yake kilitoka mwaka 1996. Picha zenyewe zimehifadhiwa Amsterdam, katika makumbusho yaliyojulikana zamani kwa jina la Tropenmuseum, mbali na sebule zilizotakiwa kuzaa maneno ndani yake.

Turudi ziwani. Kitereza alipomaliza riwaya yake mwaka 1945, katika kijiji cha Namagondo kisiwani humo humo palikuwa na mtoto wa umri wa mwaka mmoja hivi aliyeitwa Euphrase Kezilahabi. Mtoto huyo alikua akawa mwandishi, na mwaka 1974 diwani yake ya Kichomi iliwasha moto ambao haujazimika kabisa katika ushairi wa Kiswahili. Aliacha vina na mizani, akasema katika dibaji kwamba anataka mashairi yatumie lugha ya kawaida, ile watu wanayozungumza kila siku. Wanajadi wakasema hayo si mashairi. Walikuwa na kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954 kilichoweka sheria za kutunga, nao kwa haki yao walikuwa walinzi wa hazina ya karne nyingi. Ubishi ulijaza magazeti na kumbi za vyuo.

Watu wengi hukumbuka ugomvi huo kama suala la ladha, au la vijana na wazee, au la bara na pwani. Mimi nadhani ulikuwa ugomvi wa falsafa tangu mwanzo, ila hakuna upande uliosema hivyo wazi. Je, shairi ni shairi kwa sababu ya umbo lake au kwa sababu ya linalotenda? Shuleni tumelizoea swali hili kwa sura ya fani na maudhui, tukajibu mitihani kana kwamba kazi ya sanaa kweli hugawanyika hivyo, na mwalimu akasahihisha bila kuuliza nani aliamua mgawanyo huo na kwa hoja gani.

Kezilahabi aliuliza. Alikwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, na mwaka 1985 akakamilisha tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Aliutazama mkondo wa Tempels na warithi wake na akaukatalia jambo moja kubwa: kazi ya sanaa haipaswi kusomwa kama kielelezo cha fikra iliyokwisha kutengenezwa kwingine, iwe fikra hiyo inaitwa ya Kizungu au ya Kibantu. Kazi yenyewe inafikiri. Aliporudi hakuandika vitabu vya nadharia kwa Kiswahili, jambo ambalo wasomaji wake bado tunamdai. Aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya fupi mbili ambamo hadithi inavunjika vipande na wanafalsafa wa kale na wa leo hutokea kama watu wa ndotoni. Wanafunzi hulalamika kwamba hazieleweki. Hazikuandikwa zieleweke kwa kugawanywa. Kezilahabi alifariki Dar es Salaam mwezi Januari 2020.

Na Kitereza? Hakuna mchapishaji aliyekuwa tayari kutoa riwaya ya Kikerewe. Uzeeni aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka Ntulanalwo na Bulihwali. Alifariki mwaka 1981, kitabu ndiyo kwanza kinatoka.

Ukikifungua leo utakuta Myombekere akihangaika kumrudisha mkewe kutoka kwa wakwe, akipika pombe ya ndizi ya kulipia faini, na mwandishi haruki hatua hata moja ya upikaji. Ndugu wanamtaka aoe mwingine kwa kuwa Bugonoka hazai. Yeye hataki. Wanakwenda kwa mganga, wanangoja, wanagombana, wanacheka, na hatimaye Ntulanalwo anazaliwa, kisha Bulihwali. Uzima, uzazi na mapendo, yale matatu ambayo wachimbaji wa Kolwezi waliyafanya nguzo za mafundisho yao, yamo humu yote, miaka kadhaa kabla ya Jamaa, yakiwa yamewekwa katika maisha ya watu wawili wanaokosana na ndugu zao na mila zao. Ndugu wanashikilia desturi, Myombekere anashikilia mke, na kila upande una hoja. Huko ndiko kufikiri ambako Tempels alikutafuta miaka kumi na zaidi akaishia kuandika orodha ya nguvu.

Vyuo vyetu vinapofundisha falsafa ya Kiafrika bado huanza na Tempels, kwa sababu alichapishwa kwanza na ubishi ukaanzia kwake. Naomba walimu wabadilishe mpangilio. Mwanafunzi aanze na Kitereza, aende kwa Kagame mkusanyaji wa mashairi kabla ya Kagame wa sarufi, azitazame picha za Tshibumba na asome maneno aliyoyasema juu yake, kisha ndipo apewe kitabu cha padri. Atakisoma kwa faida zaidi, na atajua mara moja ni nini hakimo.